Asante kwa Nyati, Kura kwa Nyigu

Jeshini walimwita Kinyonga, na jina hilo hakulipata kwa ubaya. Alipokuwa kijana anajifunza urubani, mwalimu wake alimtazama akishusha helikopta kwenye nyasi: anasogea kidogo, anasita, anayumba, anafikiri, ndipo anagusa chini kama mtu anayeweka yai mezani. Mwalimu akasema, "Huyu si rubani, huyu ni kinyonga." Wenzake wakaangua kicheko, jina likanasa kama gundi. Hata mkewe, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, alikuja kulitumia, lakini siku za hasira tu. Siku za amani alimwita Baba Pacha.

Kwa miaka mingi alirusha helikopta za kubeba askari na mizigo bila kuvunja hata taa. Kisha asubuhi moja, akiwa angani, panga ndogo ya mkiani iliacha kufanya kazi. Panga hiyo ndiyo inayoizuia helikopta isizunguke kama pia. Mashine ikazunguka, ikaanguka kwenye shamba la mtama. Rubani mwenzake alitoka na mkono uliovunjika. Yeye alitoka na mgongo uliovunjika, na wakulima waliofika wa kwanza hawakuthubutu kumgeuza.

Alilala pale tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuinama, akisubiri helikopta nyingine ije kumchukua. Mama mmoja mwenye shamba alimsimamia na mwavuli muda wote huo, akichoka mkono huu anabadili ule, huku akimwuliza habari za watoto wake ili asisinzie. Kinyonga hakuwahi kulijua jina lake. Aliwaambia pacha wake kwamba wana bibi mwingine, ila hajui anaishi wapi.

Baada ya hospitali kilikuja kiti cha magurudumu, na baada ya kiti yakaja magongo mawili. Mguu wa kulia haukurudi sawasawa. Jeshi halikumtupa, lilimpa ofisi ya vipuri pale kambini, chumba kirefu chenye rafu za chuma, kaunta ya mbao, na feni iliyozunguka kwa kusuasua kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Hapo aliagiza, akapokea na kugawa kila kitu, kuanzia boliti ndogo kama jino la mtoto hadi injini nzima.

Watu walitegemea awe na kinyongo, na utani wa jina ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Kinyonga alikuwa mtu wa shukrani. Alimshukuru dereva aliyemsubiri apande, alimshukuru mfagiaji aliyeacha sakafu ikauke asiteleze. Mkewe alisema, "Wewe hata ukikanyagwa utamshukuru mtu kwa kuvaa viatu vyepesi."

Basi ukaja mwaka ambao serikali iliamua jeshi linunue helikopta za mashambulizi, kitu ambacho halikuwahi kuwa nacho. Kule mpakani, kwenye nyanda za juu, vikundi vya wenye silaha vilikuwa vikivamia vituo na kuchoma malori ya chakula. Askari wa vituo vile waliomba msaada kwa redio, na msaada ulipofika kwa barabara ulikuta majivu.

Kamati ya kuchagua iliongozwa na Brigedia mmoja, mwanamke wa maneno machache, aliyejulikana kwa tabia ya kusikiliza huku amefumba macho. Aliwachukua Meja, rubani hodari kuliko wote waliobaki, na Fundi Mkuu wa karakana, jitu la miraba minne lenye sauti ya ngoma. Wa mwisho akamtaja Kinyonga.

Meja alikohoa. "Afande, kwa heshima zote, kaka yangu Kinyonga namheshimu sana, yeye ndiye aliyenifundisha kutua. Lakini sasa ni mtu wa rafu."

"Ndiyo maana namtaka," Brigedia akajibu, macho yamefumba. "Wewe utakaa na mashine angani saa moja, mbili. Yeye atakaa nayo maisha yake yote."

Jioni hiyo Kinyonga alimweleza mkewe habari hizo jikoni, yeye ameketi anamenya vitunguu, mke anaosha mchele. Mama Pacha hakufurahi kama alivyotarajia.

"Kwa hiyo mtazunguka mkichagua kitu cha kuua watu, kama watu wanaochagua friji."

"Friji haimtoi mtu kwenye moto."

"Wala haimtii." Akamwaga maji ya mchele. "Sisemi usiende. Nasema usije ukasahau ni kitu gani hicho."

"Sitasahau," alisema, na akamshukuru. Mkewe akamrushia kitambaa cha vyombo.

*

Kampuni mbili za nje zilileta kila moja mashine yake, zijaribiwe hukohuko kwenye nyanda za juu ambako zingefanya kazi. Uwanja wenyewe ulikuwa njia ya changarawe, banda la mabati na tangi la maji. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukunja vidole. Mchana joto lilitetemesha upeo wa macho, na upepo uliinua vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye soksi.

Askari waliokuwa wakilinda uwanja walizipa majina siku ya kwanza. Ile kubwa, yenye mabega mapana na bunduki puani inayogeuka kufuata macho ya rubani, wakaiita Nyati. Ile nyembamba, yenye viti viwili kimoja nyuma ya kingine, wakaiita Nyigu. Meja aliizunguka Nyigu mara moja akapinda mdomo. "Nyigu huuma, sawa. Lakini ukimpiga kofi moja, habari yake imekwisha." Kwa Nyati alisimama kama mtu aliyekutana na mchumba.

Rubani wa kampuni ya Nyati alikuwa mzee wa kigeni mwenye nyusi nyeupe ndefu zilizochomoza mbele kama vibaraza. Askari wakamwita Babu Nyusi. Siku ya tatu, baada ya Meja kuruka naye na kurudi akipiga makofi, mzee yule alivua kofia, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kivuli cha banda alipokaa Kinyonga.

"Wewe ni rubani," alisema. Kinyonga alikuwa amesomea urubani nje na lugha ile aliijua, ingawa ilikuwa imeshika kutu.

"Nilikuwa."

"Nilipokuwa natua, wengine walitazama mashine. Wewe ulitazama mikono yangu." Akaonyesha magongo. "Mguu gani?"

"Wa kulia. Pedali siziwezi."

"Pedali nitakanyaga mimi. Mikono unayo?"

Kinyonga alimtazama Brigedia, aliyekuwa ameketi kwenye sanduku akifuta vumbi kwenye miwani. Alitaka amkataze, ili isiwe yeye aliyekataa. Brigedia akavaa miwani. "Kiti cha mbele hakijajaribiwa na mtu mwenye mgongo mbaya," alisema. "Kakijaribu."

Fundi Mkuu alipiga goti. "Panda mgongoni, kaka. Usiponipanda wewe nitapandwa na nani, ng'ombe?" Akambeba mpaka kwenye ubavu wa Nyati, akampandisha kama anavyopandishwa mtoto kwenye farasi, akamfunga mikanda mwenyewe na kuikagua mara mbili.

Miaka kumi na moja tangu aanguke. Injini zilipowaka Kinyonga alihisi mtetemo ule ukipanda kwenye uti wa mgongo, palepale palipoungwa. Alikumbuka mtama ukizunguka mbele ya kioo. Akataka kusema washuke. Kisha changarawe ikawa chini, banda la mabati likawa dogo kama kiberiti, na sauti ya Babu Nyusi ikaja masikioni: "Ni yako."

Aliishika. Nyati alikuwa mkubwa lakini mtiifu. Ukiwaza kushoto, amekwenda kushoto. Walipita juu ya bonde, wakafuata mkondo mkavu wa mto, wakapanda ukingo wa pili. Chini ya kofia machozi yalimchuruzika Kinyonga mpaka kwenye kidevu na hakuwa na mkono wa kuyafuta, maana yote miwili ilikuwa kazini, na hilo nalo lilimfanya acheke kwa sauti peke yake.

Walipokaribia uwanja alidhani mzee atachukua usukani. Hakuuchukua. Kinyonga akaishusha Nyati mwenyewe: akasogea, akasita, akayumba, akafikiri. Askari waliojua asili ya jina lake walianza kupiga kelele kabla magurudumu hayajagusa chini. Fundi Mkuu alipokuja kumfungua mikanda alikuta amelowa uso mzima, na yeye mwenyewe, jitu lile, akageuka akajifanya anakagua tairi.

Kinyonga alimshika Babu Nyusi mkono kwa mikono yake miwili. Lugha ile ya kigeni ikamkimbia yote. Akasema "Asante" kwa lugha yake mwenyewe, mara nyingi, na mzee akaelewa.

*

Laiti kazi ingeishia hapo. Lakini kamati haikupanda mlimani kwenda kutembea.

Mchana wa siku iliyofuata walizipakia mashine zote mbili roketi na mafuta, joto likiwa kali. Nyigu alinyanyuka akilalamika, lakini alinyanyuka. Nyati alitetemeka, akainua vumbi la kufunika uwanja mzima, akashindwa kuning'inia hewani. Hewa ya kule juu ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Ikabidi wapunguze nusu ya roketi. Watu wa kampuni wakasema si neno, mtapaa asubuhi.

Kisha Brigedia akatoa mtihani wake mwenyewe. Kila kampuni ing'oe injini moja na kuirudisha, hapohapo uwanjani, kwa vifaa walivyokuja navyo. Watu wa Nyigu walifunga winchi ndogo kwenye ubavu wa mashine yao, wakang'oa, wakarudisha, na kabla ya giza ilikuwa inanguruma. Watu wa Nyati walihitaji gari la kreni. Likaitwa kutoka kambini, likanasa kwenye matope ya kivuko, likafika siku ya tatu dereva wake akiwa amepakwa udongo hadi kope.

Nyigu naye hakuwa malaika. Bunduki yake ilikwama mara mbili kwa sababu ya vumbi, na Meja aligonga bati la chini ya viti kwa kidole akasema, "Hii ni sufuria. Risasi itapita hapa inapiga mluzi." Alisema kweli, na wote walijua hivyo.

Kinyonga alirudi nyumbani amenyamaza. Mama Pacha alimwacha siku ya kwanza, akamwacha ya pili. Ya tatu akamkalisha.

"Hesabu yako haijumliki. Niambie."

Akamwambia yote: mguu, mzee, bonde, machozi yasiyofutika. "Yule mtu alinirudishia kitu nilichokwisha kukizika. Sasa nikakae mezani niseme mashine yake haitufai? Si nitakuwa mwizi wa fadhila?"

Mke alifikiri. "Alikupa ile safari, au alikukopesha?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloniuma."

"Kama alikupa, ni yako, huna cha kulipa. Kama alikukopesha, basi hakuwa anakupa wewe, alikuwa ananunua askari wa mpakani kupitia kwako. Kwa vyovyote vile, hao askari si mali yako ulipe nao." Akainuka akaenda kuwagombeza pacha waliokuwa wanasikiliza mlangoni.

Siku ya uamuzi walikaa wanne kwenye chumba cha mikutano, dirisha wazi, lori moja likijaribu kuwaka nje bila mafanikio. Fundi Mkuu alisema Nyigu. Meja alisema Nyati, akaeleza vizuri: kasi, silaha, ngao, na jinsi adui atakavyokimbia akimwona tu. Kisha akamgeukia mwenzake kwa uso wa furaha.

"Kaka, wewe ulimpanda. Waambie ulivyojisikia."

Kinyonga alilaza magongo sakafuni.

"Sijawahi kushika mashine nzuri kama ile," alisema. "Nikifa leo nitashukuru kwamba niliishika. Lakini nitawaambia jambo la siku niliyoanguka. Watu hudhani nililala shambani kutwa kwa sababu jeshi letu halikuwa na helikopta. Tulikuwa nazo. Banda lilijaa! Nzuri tu, zinang'aa. Zote juu ya mawe, zinasubiri vipuri kutoka ng'ambo. Iliyoweza kuruka ilikuwa moja, na ilikuwa imekwenda mbali." Akamgeukia Meja. "Nyati akiharibika kule juu, atakaa kusubiri kreni. Na kijana aliyeomba msaada kwa redio atamsubiri Nyati. Mimi nakujua kule kusubiri. Kura yangu ni Nyigu."

Meja aliangalia meza. Lori la nje liliwaka, likazimika.

"Lakini Meja amesema kweli kuhusu lile bati," Kinyonga akaongeza. "Viti viwekewe ngao nene kabla hatujapokea hata moja. Na bunduki iwekewe vichungi vya vumbi, ijaribiwe upya, na Meja awe ndiye wa kuijaribu. Akisema imekwama, tusichukue."

Brigedia alifumbua macho. "Nami kura yangu ni hiyo, pamoja na masharti hayo," akasema. Meja alipiga saluti akatoka bila kuaga.

*

Uamuzi ulipotangazwa na kampuni zote mbili kuarifiwa, Kinyonga aliomba ruhusa ya kurudi kule uwanjani. Brigedia hakumwuliza kwa nini. Alimpa gari na dereva.

Alimkuta Babu Nyusi akisimamia vijana wake wanaozifungua panga za Nyati ili apakiwe. Mzee alimwona na magongo yake akija pole pole juu ya changarawe, akamsogezea sanduku la kukalia.

"Nimekuja kushukuru," Kinyonga alisema. Safari hii alikuwa ameyapanga maneno njiani. "Na kukwambia kwa mdomo wangu kwamba mmoja wa waliokataa mashine yako ni mimi. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine."

Babu Nyusi alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Ulidhani nilikurusha ili unipe kura?"

"Nilijiuliza. Nisamehe."

"Kampuni waliniambia nimrushe Brigedia." Nyusi zile zikapanda juu, na mzee akacheka mpaka vijana wake wakageuka. "Walinigombeza jioni nzima! Wewe rafiki yangu hukuwa na faida yoyote kwa biashara." Kisha akatulia. "Macho yangu hayapiti tena kipimo cha daktari. Ule ulikuwa mwezi wangu wa mwisho wa kuruka. Nilitaka nimpe usukani mtu anayejua thamani yake."

Walikaa pale kwenye sanduku mpaka panga ya mwisho ikashuka. Mzee alimwuliza habari za watoto wake, naye akamweleza kwamba mmoja anapenda kuchora na mwingine anapenda kulala. Walipoagana Kinyonga hakusema asante tena. Aliona ameshaelewana na mtu huyo.

Nyigu wa kwanza walifika mwaka uliofuata, ngao nene chini ya viti. Meja aliijaribu bunduki kwa ukali wa mama mkwe, akaikataa mara moja, ikarekebishwa, akaikubali. Kisha akaenda mpakani kuongoza kikosi. Kwa muda mrefu hakumpigia Kinyonga simu, hata ya salamu, na vipuri alivyohitaji aliwatuma vijana.

Halafu asubuhi moja alitokea mwenyewe kwenye kaunta ya mbao, amevaa vazi la urubani, vumbi jekundu kwenye mikunjo ya shingo. Kinyonga alikuwa anahesabu gasketi.

"Nahitaji vichungi vya injini," Meja alisema.

"Vipo. Vingapi?"

Meja alichukua boksi moja, akasoma maandishi yake, akalirudisha. "Kaka, juzi nilitua porini, injini imemeza mchanga. Tulikuwa wawili, na usiku ulikuwa unaingia." Akakuna kidevu. "Nyigu mwenzangu alikuja kabla sijamaliza kuogopa. Mafundi wakaja nyuma yake na winchi, wakabadilisha injini palepale, nikaruka nayo kurudi kesho yake."

"Nilisikia. Fundi Mkuu alinipigia simu anapiga kelele, nikadhani nyumba yake inaungua."

"Nilikuwa nimekukasirikia mwaka mzima."

"Najua."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ulikuwa na kazi," Kinyonga alisema. "Na ile ngao uliyoidai wewe, nasikia imeshapokea risasi mbili."

"Tatu," Meja akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Rubani aliyekuwa juu yake anakusalimia. Mkewe amejifungua wiki iliyopita."

Kinyonga aliinama chini ya kaunta kutafuta vichungi, akakaa huko muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alikuwa na maboksi manne kifuani, na kwa sababu ya magongo hakuweza kwenda nayo popote. Meja akazunguka kaunta akayachukua. Kinyonga akamfuata mpaka kwenye gari, akamwambia ayaweke mbali na jua, na asipite njia ya kivukoni maana mvua imenyesha.